Kicheza muziki cha mazoezini: namna ya kuchagua kidogo, kigumu na cha bei nafuu

Anayekimbia alfajiri akiwa ameshika simu utamtambua hata kwa mbali. Mkono mmoja hupunga kama kawaida, wa pili umekakamaa kana kwamba umebeba kikombe cha chai kilichojaa. Simu nyingi za siku hizi zina uzito unaokaribia gramu 200. Ukiifunga kwenye mkono kwa mkanda huteleza kwa jasho, ukiitia mfukoni huvuta bukta chini, na ukiishika wazi kwenye njia isiyo na watu unamwita kibaka. Ndiyo sababu kicheza muziki kidogo, ambacho madukani hukiita MP3 tu na ambacho wengi walidhani kimeshazikwa, bado kinatafutwa na wanaojogi, wanaoendesha baiskeli, wanaonyanyua vyuma na hata wanaopalilia shamba kutwa nzima. Hata hivyo, kukichagua leo ni kugumu kuliko ilivyokuwa miaka 15 iliyopita, kwa sababu walioongoza soko hilo wamelihama.

Historia yake yatosha kuielezea kwa ufupi. Sony walianza kuuza Walkman ya kanda nchini Japani tarehe 1 Julai 1979, na kwa mara ya kwanza watu wakaweza kutembea na muziki wao bila kuwasumbua wengine. Mwaka 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, waliokuwa wakishughulikia mbinu ya kubana sauti, waliyapa mafaili yao kiambishi cha .mp3, na kufikia 1998 vilikuwa vimeingia sokoni vicheza muziki vyenye hifadhi ya MB 32, yaani nafasi ya nyimbo nane hivi. Apple wakaja na iPod mwaka 2001, kisha mwaka 2005 wakatoa iPod shuffle isiyo na skrini kabisa, ambayo toleo lake la mwaka uliofuata lilikuwa na kibanio cha kushikia kwenye nguo. Hicho kibanio ndicho kilichokigeuza kifaa kuwa cha mazoezi. Lakini Julai 2017 Apple wakaacha kuuza shuffle na nano, iPod nyingine ndogo, na Mei 2022 wakaiaga iPod touch.

Pengo hilo limejazwa na watu wa aina mbili. Kuna watengenezaji wachache wenye jina, hasa SanDisk kwa vifaa vyao vya Clip na Sony kwa baadhi ya Walkman, na kuna bidhaa zisizo na jina, nyingi zikiwa zimeiga umbo la shuffle, zinazouzwa kwa bei ya sahani chache za chipsi kuku kule Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Wapo pia wanaotengeneza vicheza muziki vya kifahari kwa wapenzi wa sauti safi, lakini hivyo ni vizito, ni ghali, na hakuna mwenye akili timamu anayekimbia navyo, kwa hiyo tuviache.

Sanduku la kila kimoja kati ya vifaa hivi litakutangazia ukubwa wa hifadhi, saa za betri na rangi. Kwa maoni yangu, mambo yanayoamua kama utakitumia kwa mwaka mzima au utakitupa kwenye droo baada ya wiki tatu hayaandikwi kwenye sanduku: nyimbo zako zinatoka wapi, vidole vyako vitafanyaje kazi bila msaada wa macho, na jasho litapenya wapi.

Tuanze na nyimbo, kwa sababu wauzaji hawaulizi habari zake na wanunuzi huzikumbuka wakishafika nyumbani. Mtu ambaye kwa miaka kadhaa amesikiliza kupitia Spotify au Boomplay anaweza kuamini kwamba zile nyimbo alizozipakua ili azisikilize bila bando ni mali yake na zinahamishika. Hazihamishiki. Programu za aina hiyo huhifadhi nyimbo zikiwa zimefungwa kwa kufuli la kidijitali ambalo hufunguliwa na programu yenyewe tu, na usajili ukikoma, kufuli hilo nalo halifunguki tena. Kicheza muziki cha bei nafuu hakina intaneti wala hakiwezi kuendesha programu hizo. Kinachokijua ni faili lililolala ndani ya folda, basi. Kama huna mafaili yako mwenyewe, yaani CD za zamani ulizonakili kwenye kompyuta, nyimbo ulizozipata kwenye mitandao inayotoa MP3 halisi kama Mdundo, au mawaidha na mahubiri uliyorekodi, kifaa hiki kitakuwa kama jiko la mkaa kwenye nyumba isiyo na mkaa.

Wengi wetu tunamtegemea yule kijana wa kibandani mwenye kompyuta, anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo kidogo. Ni hodari, na anajua unachokitaka kabla hujamaliza sentensi. Ila kazi yake ina kasoro inayojitokeza kwenye vifaa hivi kuliko kwenye simu. Vicheza muziki vingi havipangi nyimbo kwa jina la faili, bali kwa maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe: msanii, albamu, namba ya wimbo. Mafaili ya kibandani mara nyingi hayana maelezo hayo, au mahali pa jina la msanii pamejazwa jina la kibanda pamoja na namba ya simu. Matokeo yake unakuta nyimbo 400 za wasanii 90 zimerundikana chini ya “msanii” mmoja ambaye hajawahi kuimba. Dawa ni kuchagua kifaa kinachokuruhusu kupita folda kwa folda kama ulivyozipanga wewe, na hilo waweza kulihakikisha dukani kwa kutazama orodha yake ya kwanza.

Aina ya faili nayo ni mtego. Karibu kila kifaa husoma MP3, lakini ujumbe wa sauti wa WhatsApp na vipande vingi vinavyopakuliwa mtandaoni huja katika aina nyingine, kama vile .opus na .m4a, ambazo vifaa vya bei ya chini huziruka kimya kimya bila hata kusema kuna kosa. Anayetaka kusikiliza darsa au kitabu kinachosomwa kwa sauti wakati wa matembezi marefu achunguze jambo moja zaidi, nalo ni kama kifaa kinakumbuka mahali alipoishia. Vingi vya bei ndogo sana, ukivizima katikati ya hotuba ya dakika 70, hukurudisha kwenye salamu za mwanzo.

Ukubwa wa hifadhi ndio unaowababaisha watu zaidi, ilhali ni hesabu ya darasani. Faili la MP3 lililobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia karibu MB 1 kwa kila dakika ya muziki, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 unakaribia MB 4. Wimbo uleule ukibanwa kwa kilobiti 320, ambacho ndicho kiwango cha juu cha MP3, unafika karibu MB 10. Kwenye GB 8, basi, zinaingia nyimbo za kawaida zipatazo 2,000 kwa kiwango cha chini, au 800 hivi kwa kiwango cha juu. Mpenzi wa taarabu apunguze hesabu hiyo, kwani utenzi wa dakika 12 unameza nafasi ya nyimbo tatu za bongofleva. Hata hivyo, anayekimbia saa moja kila siku na asiyetaka kurudia wimbo kwa mwezi mzima anahitaji saa 30 za muziki, ambazo kwa kilobiti 128 hazifiki GB 2. Kulipia GB 64 kwa ajili ya mazoezi ni kununua kabati la nguo la kusafiria siku mbili. Tena tofauti ya sauti kati ya kilobiti 192 na 320, ukiwa unahema kando ya barabara yenye daladala na bodaboda, hutaisikia hata uambiwe isikilize. Usishtuke pia kompyuta ikikuonyesha GB 7.4 badala ya 8: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na programu ya kifaa nayo inahitaji mahali pa kulala.

Kinachostahili tahadhari zaidi ni memori kadi zenyewe. Zipo kadi zilizochezewa ili zijitangaze kuwa na GB 64 au 128 wakati ndani yake mna GB 8 tu. Hukubali nyimbo zote unazomimina, kisha zile zilizozidi hugeuka kelele au ukimya. Namna ya kuitambua ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena, kazi inayofanywa na programu za bure kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Ukishindwa hilo, ijaze nyimbo, kisha cheza zile zilizoingia mwisho. Fahamu vilevile kwamba vifaa vingi vya bei nafuu vinakubali kadi hadi GB 32 tu, kwa sababu kuanzia hapo kadi hupangwa ndani kwa mfumo mwingine wa mafaili ambao havijafundishwa kuusoma.

Sasa tuje kwenye vidole. Simu imetuzoesha kugusa kioo huku tukikitazama, na kioo cha kugusa kikilowa jasho hakikuelewi tena: kinabofya usichokitaka au hakibofyi kabisa. Kwa mtu anayetembea, kukimbia au kupanda mlima, vitufe vya kweli vinavyoinuka na kubofyeka ni bora kuliko skrini nzuri yoyote. Kitufe cha kusimamisha kiwe kikubwa kuliko vingine, au kiwe katikati ya duara, ili kidole gumba kikipate juu ya fulana bila wewe kuinamisha kichwa. Vitufe vya sauti na vya kuruka wimbo visifanane. Kwenye baadhi ya vifaa kitufe kimoja hufanya kazi zote mbili, ukikibofya mara moja kinaruka wimbo na ukikishikilia kinapandisha sauti, na matokeo yake ni kwamba kila unapotaka wimbo mwingine unapigwa na mlipuko masikioni. Kuwepo kwa kufuli la vitufe ni jambo la lazima, la sivyo mkanda wa suruali utakuchagulia nyimbo.

Kibanio nacho kitazamwe kwa jicho la fundi cherehani. Chemchemi yake iwe ya chuma, si plastiki iliyopinda tu, na meno yake yashike kitambaa chembamba cha fulana ya mazoezi, si ukosi mnene wa shati peke yake. iPod shuffle ya mwisho ilikuwa na gramu 12.5, hicho kilikuwa kipimo kizuri, lakini kifaa cha gramu 25 au 30 bado hutakihisi mwilini.

Jasho linahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kifaa changu cha kwanza cha aina hii kilidumu miezi saba. Fundi alipokifungua chini ya taa, tundu la chaja lilikuwa limeota kutu ya kijani, na pini moja kati ya tano ilikuwa imelika mpaka ikabaki nyembamba kama mwiba wa dagaa. Hakikuwahi kutumbukia majini hata siku moja. Nilikuwa na mazoea ya kukichomeka kwenye chaja mara tu ninaporudi, kikiwa bado na unyevu wa mbio, na umeme ukipita mahali penye maji ya chumvi hula chuma haraka kuliko chumvi ingekila yenyewe. Nikamlipa fundi kwa kazi ya kunionyesha kosa langu, nikanunua kingine, na tangu hapo kifaa hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha hulala mezani nusu saa kabla ya kuonja umeme.

Kinga dhidi ya maji hupimwa kwa alama za IP, ambazo ni kipimo cha kimataifa. Baada ya herufi hizo huja tarakimu ya vumbi, kuanzia 0 hadi 6, kisha tarakimu ya maji, kuanzia 0 hadi 9, na palipo na X maana yake ni kwamba upande huo haukupimwa. IPX4 inahimili kurushiwa maji kutoka pande zote, na kwa jasho la kawaida na manyunyu hiyo yatosha. IPX5 inahimili maji yanayotoka kwa msukumo wa bomba. SanDisk Clip Sport Plus ni ya daraja hilo. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Yapo mambo mawili ambayo matangazo huyaacha. La kwanza ni kwamba majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo alama hiyo haikuahidi chochote kuhusu bahari, wala kuhusu jasho la miezi mingi. La pili ni kwamba 7 haimaanishi kuwa kifaa kimefaulu pia mtihani wa 5, maana kuzama kimya na kupigwa na maji yenye kasi ni mitihani tofauti. Kifaa kilichoandikwa tu kwamba “kinazuia maji”, bila alama yoyote, kihesabu kuwa hakizuii.

Waogeleaji wana njia yao peke yao. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na maji huyanyonya mawimbi hayo kiasi kwamba kichwa kikizama, mawasiliano hukatika ndani ya sentimita chache. Kwa hiyo spika za masikioni zisizo na waya, hata ziwe na IPX8, hazimsaidii mtu aliyeacha simu ukingoni mwa bwawa. Anachohitaji ni kifaa chenye nyimbo ndani yake, kinachovaliwa kichwani chenyewe. Sony NW-WS413, yenye GB 4, ilitengenezwa kuhimili hata maji ya bahari hadi kina cha mita 2, na Shokz wana OpenSwim, nayo ya GB 4, inayopitisha sauti kwenye mifupa ya shavu badala ya kuziba sikio. Bei zake ni mara kadhaa ya kifaa cha kawaida, na asiyeogelea hana haja ya kuzilipa.

Nchi kavu, suala la waya au Bluetooth si la kisasa dhidi ya kizamani. Waya hauhitaji kuchajiwa, haumalizi betri, na spika zake zikiharibika unanunua nyingine kwa bei ya soda mbili tatu. Tatizo lake ni kukwamia mkononi, na dawa yake ni kuupitisha ndani ya fulana. Bluetooth inakupa uhuru wa kutupa mikono, lakini inapunguza muda wa betri, na kwa kuwa mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, kifaa kikiwa kwenye nyonga ya kulia na kipokezi kikiwa kwenye sikio la kushoto sauti huweza kukatakata. Kihamishie upande wa kipokezi kabla hujalaumu kifaa. Mpenzi wa redio ajue kwamba kwenye vifaa vingi hivi waya wa spika ndio antena ya FM: ukitumia Bluetooth unakosa taarifa ya habari na matangazo ya mpira. Na ukiletewa kifaa kilichotumika kutoka Japani, angalia masafa yake. Kule FM ilikuwa kwa miaka mingi ikianzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinafika 108, tatizo ambalo kila aliyenunua gari la Japani analijua kutokana na redio yake.

Kuhusu betri sina mengi. Saa zinazoandikwa kwenye sanduku hupimwa skrini ikiwa imezimwa na sauti ikiwa ya wastani, kwa hiyo zikiandikwa 18 tegemea pungufu. Hata saa 10 za kweli ni mbio za wiki nzima. Kikubwa zaidi ni kwamba betri hizi ndogo za lithiamu hufungiwa ndani na hazibadilishwi kirahisi. Nano au Clip ya zamani inayouzwa mtumba, hata iwe safi nje, huenda betri yake imebakiza nusu ya nguvu, na kifaa kilichoachwa tupu kabatini kwa miaka miwili kinaweza kukataa kabisa kuamka. SanDisk Clip+ na Clip Zip za zamani zina sifa moja inayowafanya wajuzi wazitafute: zinakubali Rockbox, programu huria ya bure inayosoma aina nyingi za mafaili na kukumbuka ulipoishia. Ukiikuta moja yenye betri nzima, ni bahati.

Kipimo cha sauti nacho kinahusu uchaguzi, kwa sababu kifaa chenye nguvu ndogo kikifungwa na spika hafifu zisizoziba sikio humlazimisha mtu kupandisha mpaka mwisho ili ashinde kelele za barabarani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3 muda huo hugawanywa kwa mbili, hivi kwamba zikifika 89 umebakiwa na saa 5 tu. Anayekimbilia barabarani avae sikio moja, au atumie spika zinazoacha sikio wazi; bodaboda anayekuja nyuma hapigi honi mara mbili. Na anayejiandaa kwa mashindano rasmi akumbuke kwamba kanuni za riadha za World Athletics huhesabu redio na vifaa vya namna hiyo kuwa msaada usioruhusiwa ndani ya eneo la mashindano, kwa hiyo afanye baadhi ya mazoezi bila muziki.

Ukifika dukani, nenda na memori kadi yako mwenyewe yenye nyimbo unazozijua, ikiwa na folda tatu zenye majina, na spika zako za waya. Omba kifaa kitolewe kwenye sanduku. Kibanie kwenye fulana uliyovaa, ruka ruka mara kumi palepale hata kama watu wanatazama, kisha fumba macho usimamishe wimbo, uruke miwili mbele, upunguze sauti na ufunge vitufe. Fungua mfuniko wa tundu la chaja, kama upo, uone kama una mpira wa kuziba au ni plastiki tu. Tafuta folda yako ya tatu. Zoezi lote halizidi dakika tano, na muuzaji anayekukataza kulifanya kwa kisingizio kwamba sanduku likifunguliwa mali haiuziki tena, mwachie sanduku lake uingie duka la pili.